Wageni wa Tumbo la Yaqeen

Ukitaka kupumzika nyumbani kwetu Ibra, Omani, fanya utakalo lakini usiugue. Ukiugua umekwisha. Mama yangu atatangaza, majirani watakuja na machupa ya kahawa na masinia ya matunda, watakaa, wataulizana habari za harusi na bei ya mbuzi, na wewe mgonjwa utalazwa katikati yao kama sahani ya pilau, kila mmoja anakuchota kidogo. Mwaka niliopasuliwa nyongo, siku ya tatu nyumbani niliomba nirudishwe hospitali nikapumzike.

Kwa hiyo Yaqeen, binti wa mdogo wangu Khalifa, alipoanza kuumwa na tumbo kila asubuhi, nilimwonya kwa mapenzi.

"Mwanangu, chagua ugonjwa mwingine. Tumbo bibi yako analipenda sana."

Hakucheka. Hapo ndipo nilipojua kuna jambo, maana Yaqeen wa miaka tisa, wa darasa la nne, alikuwa mtoto wa kucheka mpaka maji ya kunywa yakamtokea puani.

Nyumba yetu ni hii. Mama yetu, Bibi Mahfoudha, mzaliwa wa Unguja, ambaye mpaka leo akikasirika hugomba kwa Kiswahili cha Mkunazini hata kama anayegombwa ni fundi wa Kihindi. Khalifa, afisa wa umeme, mtu mpole mwenye haraka. Mkewe Rehana, muuguzi, zamu zake zote ziko Sur, na miezi ile tulikuwa tukimwona kama mwezi mwandamo. Na mimi, Tumu. Nimeolewa mara mbili na kuachwa mara mbili, duka langu la kwanza lilichukuliwa na wadi, mto wa mvua, siku iliyofurika, na sasa nauza bizari na nguo za watoto katika soko la wanawake la Jumatano. Watu huniuliza mbona nacheka sana. Nikilia, nani atanunua bizari?

Mambo ya tumbo yalianzia skuli. Kila asubuhi kwenye foleni wanafunzi husoma kwa zamu mbele ya kipaza sauti: mmoja Kurani, mmoja hadithi ya Mtume, mmoja hekima ya siku. Zamu ya hekima ikamwangukia Yaqeen. Alijifundisha wiki nzima mbele ya kioo. Siku ilipofika akapanda, akafungua mdomo, na sauti haikuja. Akangoja. Skuli nzima ikangoja naye. Kisha kipaza sauti kikapiga ukelele, watoto wakaangua kicheko, na pale mstari wa mbele kabisa, mwenye kicheko kikubwa kuliko wote, alikuwa Hala, rafiki yake wa tangu darasa la kwanza.

Yaqeen alishuka, akaenda akajifungia msalani. Kesho yake tumbo likaanza. Kesho kutwa likaendelea. Ijumaa na Jumamosi, siku za kukaa nyumbani, lilipoa kama halikuwahi kuwapo. Jumapili alfajiri likarudi.

Khalifa alimpeleka kwa daktari. Daktari akamminyaminya, akampima, akasema tumbo ni zima, mtoto ana wasiwasi.

"Wasiwasi?" Mama akasema. "Mtoto wa miaka tisa ana wasiwasi wa nini, kwani ana mume?"

"Mama, daktari kasema," Khalifa akajibu.

"Daktari kasema kwa kuwa hajui kusema jicho. Mtoto kapigwa jicho la hasidi. Uso wake ulivyo mzuri, na nyinyi mnampeleka mbele ya skuli nzima hata kisomo hajasomewa!"

Wakabishana hivyo, na Yaqeen kakaa baina yao anafumua uzi wa mto. Hakuna aliyemuuliza yeye, na hilo halikuwa jipya. Nyumbani kwetu mtoto yule alikuwa na wasemaji kuliko waziri. Mgeni akimuuliza jina, Mama hujibu. Akiulizwa dukani anataka juisi gani, Khalifa hujibu. Mimi nilikuwa najibu kwa mzaha, kwa hiyo nikajiona mwema kuliko wao.

Wiki ya pili ilipokaribia kwisha skuli wakapiga simu. Jumatano baada ya chakula cha mchana Khalifa akasema neno lake, na alilisema kwa upole, jambo lililolifanya kuwa baya zaidi.

"Jumapili Yaqeen akienda skuli, kheri. Asipokwenda, nampeleka Nizwa kwa dada. Atasoma kule. Skuli mpya, hakuna anayemjua."

Dada yetu wa Nizwa ni mwanamke mwema, Mungu amweke, lakini nyumbani kwake hata paka huamka saa kumi na moja na kutandika. Nilimtazama Yaqeen. Mkono umeganda ndani ya sahani, rangi imemtoka. Nizwa hataki. Anataka kitanda chake, bibi yake, mama yake akitoka Sur amkute hapa. Lakini njia ya kubaki hapa inapitia lango la skuli, na lango lile ndilo hawezi hata kulifikiria bila ya kukimbilia msalani.

"Khalifa," nikasema, "umempa mtoto milango miwili na kila mmoja una mbwa."

"Wewe una wa tatu?"

Sikuwa nao. Nikaanza kukusanya sahani.

Aliyekuwa na mlango wa tatu ni Mama, lakini hakumwambia mtu. Kwa Mama, kuficha mgonjwa ni dhambi: dua ya mtu mmoja ni kijiko, dua ya watu mia ni birika. Alhamisi asubuhi, mimi nimeondoka kwenda soko la Sinaw kuchukua mzigo, Khalifa yuko kazini, mama mtu mzima akashika simu yake, akafungua kundi la wanawake wa hara, mtaa wetu, akarekodi sauti. Niliisikia baadaye. Imejaa kwikwi. Kiarabu chake kimeingiliwa na Kiswahili kila penye uchungu. Mjukuu wangu hajiwezi, anasema. Hali, hanywi, tumbo linamla. Muombeeni.

Mtu wa Ibra ukimwambia aombee, hataombea kwake. Anakuja kuombea kwako.

Niliporudi alasiri sikupata mahali pa kuegesha gari. Mlangoni viatu vimerundikana mpaka vingine vimepandiana. Na Khalifa mdogo wangu, mwenye nyumba, alikuwa amekaa ndani ya gari lake nje ya ukuta, ubaridi umewashwa, kanzu nyeupe, kofia kichwani, kama mtu aliyekuja kumposa jirani.

Nikagonga kioo. "Umefukuzwa?"

"Nimetoka mwenyewe. Kuna wanawake mpaka jikoni, Tumu. Nimeambiwa pole mara nyingi mpaka nikaanza kumlilia mwanangu." Akapangusa uso. "Na mtoto haonekani. Mama anawaambia anaoga."

"Anaoga tangu lini?"

"Tangu saa tisa."

Nikaingia. Sebuleni wamekaa kwa duara, buibui kwa buibui, katikati matikiti, ndizi, halua, tende, na madalla, mabirika ya kahawa, yanazunguka. Mama kakaa kwenye kichwa cha majlisi, uso wa msiba, macho yanang'aa kwa furaha. Tangu harusi ya Khalifa hajapata umati kama ule.

"Tumu umekuja! Njoo uwape watu salamu. Yuaja, yuaja, anajipangusa."

"Hatuondoki bila ya kumwona," akasema bibi mmoja wa jirani, mwenye barakoa, akichagua kipande cha halua kilichonona. "Haifai kumzuru mgonjwa ukauona mlango tu."

Hiyo ndiyo kanuni, na wote tunaijua. Mgonjwa lazima aonekane. Wanaweza kukaa mpaka Isha. Wana chakula.

Nilimtafuta bafuni, chumbani, juu ya paa kwenye matangi. Mwishowe nikapita chumba cha magodoro, kile tunachowekea matandiko ya wageni wa Idi, yamepangwa mpaka darini. Baina ya ukuta na magodoro kumechomoza kidole gumba cha mguu.

"Kidole," nikasema, "mwenyewe yuko?"

"Amma, funga mlango!" Ndivyo anavyoniita, amma, yaani shangazi.

Nikaufunga. Kisha, kwa akili zangu chache, nikajisokomeza na mimi. Mtoto anapenya pale, mtu mzima wa kilo zangu anajazia. Tukawa tumekaa bega kwa bega gizani, pua zimejaa karafuu tunazowekea mablanketi, na mimi nikijua wazi kwamba kutoka kutahitaji msaada.

"Nani amekuja?" akanong'ona.

"Uliza nani hajaja."

"Hala?"

"Yuko na mama yake. Ameshika kipande cha tikiti kama usukani wa lori."

Akajikunja. Kiswahili chake ni cha watoto wa hapa, ngeli zote anazivalisha kanzu moja, lakini alichokisema nilikielewa kuliko alichosema daktari.

"Amma, tumbo yangu inazunguka. Kama mashine ya nguo."

"Ya kufua au ya kukamua?"

Akafikiri. "Ya kukamua. Ile ya mwisho inapiga kelele."

"Naijua. Yangu huzunguka kila Jumatano."

"Muongo."

"Wallahi. Wewe unaniona napiga domo sokoni, unadhani nilizaliwa hivyo? Siku ya kwanza, baada ya wadi kuchukua duka, nilipanga vikopo vyangu vya bizari, nikaona wanawake wote wa mkoa wa Sharqiya wanakuja, nikageuka. Nikawapa mgongo. Nimekaa hivyo hivyo, natazama ukuta."

"Wakakucheka?"

"Alikuja bibi mmoja wa Kibedui, akanigonga bega kwa bakora. 'We mwanamke, unauza au umesusa?'"

Nikasikia pumzi inamtoka puani. Si kicheko, ni jirani yake.

"Ukafanyaje?"

"Nikageuka nusu. Siku ile niliuza kwa ubavu. Jumatano ya pili nikageuka robo tatu."

"Halafu mashine ikasimama?"

Ningeweza kumdanganya. Uongo mtamu ninao mwingi, nimewalisha waume wawili. "Haikusimama," nikasema. "Nauza huku inazunguka. Ukishaanza kupima bizari inapunguza kelele, basi. Jumatano ijayo itaanza tena."

Kutoka sebuleni sauti ya Mama ikapanda, inaeleza jinsi macho ya mtoto yalivyokuwa meupe.

"Mimi sitoki," Yaqeen akasema. "Nikitoka Bibi atanisemea. Atasema jicho. Na wewe utafanya mzaha."

"Mie?"

"Wewe kila siku. Mimi nikinyamaza, unafanya mzaha, watu wanacheka, wanakutazama wewe. Halafu mimi sijasema kitu."

Maisha yamenipiga mpaka nimezoea kukaa tayari, lakini hilo lilinikuta mikono iko chini. Miaka yote hiyo nilidhani nampa kivuli. Kumbe mti wenyewe nimeukalia.

"Haya," nikasema baada ya kulimeza. "Unatakaje?"

"Usinisemee. Na Bibi asinisemee."

"Hata ukinyamaza?"

"Hata nikinyamaza."

"Hata ukinyamaza mpaka kahawa ipoe, tikiti liote miguu..."

"Amma!"

"Nimeacha. Nimenyamaza. Hebu nisukume, sitoki hapa mwenyewe."

Alinisukuma kwa miguu yote miwili. Godoro moja likatuangukia, tukatoka chini yake tumechafuka pamba, na sura yake ilikuwa ya mtoto anayekwenda kudungwa sindano.

Tuliposimama mlangoni mwa sebule, mazungumzo yalikatika kama redio iliyochomolewa. Nyuso zote zikamgeukia. Yaqeen akashika buibui langu kwa nyuma, akalifinya mpaka likanibana shingo.

Wadha, mamake Hala, mwalimu wa chekechea, mwanamke mwenye sauti laini, ndiye aliyemuuliza. "Salama, binti yangu? Unaumwa na nini?"

Kimya.

Sijui kama mmewahi kuwa na mzaha mzuri mdomoni na mkakatazwa kuutema. Nilikuwa na mitatu. Mmoja ulihusu magodoro, na ulikuwa mzuri sana. Nikaing'ata yote. Kahawa ikaacha kumiminwa. Mtoto wa mtu akapiga chafya. Buibui likazidi kunikaba. Nikamwona Mama anavuta pumzi, kifua kinapanda, midomo inafunguka, "Yaani huyu mtoto..."

Nilikuwa karibu na sinia. Nikachukua tende, nikamtia mdomoni.

Mama yangu hajapata kutiwa tende mdomoni na binti yake mbele za watu. Macho yakamtoka. Lakini mtu wa Unguja aliyelelewa vizuri hasemi huku anatafuna, na tende ile ilikuwa kubwa, na kokwa lake ndani.

"Siumwi," Yaqeen akasema.

Alisema kwa Kiarabu, lugha anayoota kwayo. Sauti ndogo, ya mtu anayejaribu maji kwa ncha ya mguu. "Nasikia hofu. Nikifikiria skuli tumbo linazunguka. Nikitaka kusema mbele ya watu, sauti haitoki."

 Wageni wamekuja na dua za kuhara na kutapika, wameletewa hofu. Wakatazamana. Yule bibi wa barakoa akaweka kikombe chini.

"Alhamdulillahi," akasema, "basi hauambukizi." Akachukua kipande kingine cha halua.

Wanawake wakapumua. Mmoja akasema hofu nayo ni maradhi, mwingine akasema mwanawe hawezi kuingia lifti. Na ningedhani mambo yameisha hapo, tungempa mtoto ndizi na kumwachia aende zake, lakini Yaqeen hakuwa amemaliza. Alikuwa anamtazama Hala.

"Mlinicheka."

Hala akameza tikiti. Ni mtoto mfupi, nywele zimekataa kitana, hajui kusema nusu ya kitu. "Nilicheka," akajibu. "Ile maiki ililia kama mbuzi wa Idi."

"Na mimi?"

"Na wewe kidogo. Ulikuwa umefungua mdomo hivi." Akaonyesha.

Wadha akamfinya paja. Wanawake wawili wakaficha nyuso ndani ya shela. Mimi nikaomba ardhi ipasuke, immeze Hala na tikiti lake. Masikio ya Yaqeen yalikuwa mekundu kama bilauri za sharubati.

"Haichekeshi," akasema.

Hala akatazama miguu yake. "Najua. Nilikufuata msalani. Nikabisha mlango. Nikasema mimi Hala."

"Nilisikia. Ndiyo maana sikufungua."

"Nilikaa mpaka mwalimu akanifukuza."

Hilo Yaqeen hakulijua. Nililiona likimwingia, taratibu, kama dawa chungu inayotafuta njia. Buibui langu likalegea kidogo.

"Kila mtu bado anasema?" akauliza.

"Anasema nini?"

"Mimi. Kwenye maiki."

Hala akamkodolea macho kwa mshangao wa kweli. "Wewe? Hakuna anayekumbuka! Wiki iliyopita Anas wa darasa la tatu alimtapikia mwalimu mkuu kiatuni. Mbele ya wote. Mudira akaruka hivi!"

"Muongo!"

"Wallahi. Utajuaje na wewe huji?"

Yaqeen akasimama pale anahesabu jambo ambalo watu wazima wengi tunazikwa bila ya kulihesabu. Wiki mbili amejificha na macho ya skuli nzima, na macho yenyewe yako kwenye kiatu cha mudira. Kwa nusu alionekana kufarijika, kwa nusu kama aliyetukanwa.

"Alikula nini?" akauliza hatimaye.

"Anas? Njoo nikwambie, Mama atanifinya tena."

Hawakukumbatiana. Hala alisogea, akasukuma sahani ya tikiti kwa mguu, Yaqeen akaachia buibui langu, akaenda akakaa. Si karibu sana. Baina yao pangeweza kukaa mtu mwembamba.

Mama akatoa kokwa mdomoni, akaliweka kwenye kisosi kwa heshima zote. "Tumu," akaninong'oneza, "ungeniua."

"Ungekufa umenyamaza, Mama. Watu wangehadithiana miaka."

"Nyamaza wewe." Lakini alikuwa anamtazama mjukuu wake, na hakumwita aje amjibie mtu kitu.

Wageni walipoanza kutafuta viatu vyao, Khalifa bado yuko garini. Nilikuwa nakwenda kumwambia mji umekombolewa, Yaqeen akanipita. Akafungua mlango wa abiria mwenyewe, akapanda, akaufunga. Nikasimama barazani najifanya nafagia. Kupitia kioo niliwaona: yeye anasema, baba yake anataka kuingilia, yeye anainua kiganja, baba yake anafunga mdomo. Khalifa ana wafanyakazi kumi chini yake, hakuna anayethubutu kumfanyia hivyo.

Baadaye mdogo wangu aliniambia, macho mekundu. "Kasema Nizwa hataki. Kasema Jumapili atakwenda, lakini tumbo litauma. Akiniambia linauma nisimrudishe, nisimkasirikie, nisimwambie haliumi. Niseme 'najua.' Basi."

"Na kipaza sauti?"

"Atamwambia mwalimu mwenyewe kwamba bado. Atasoma kwanza akiwa kitini." Akasugua ndevu. "Nikamuuliza, nikusaidie kumwambia? Kaniambia, 'Baba, hapana.'"

"Umeumia?"

"Kidogo," akasema Khalifa, na akatabasamu kama mtu aliyepandishwa cheo.

Lakini maneno ya Alhamisi si miguu ya Jumapili. Jumapili alfajiri uso wa Yaqeen ulikuwa wa kijivu. Mkate aliumega vipande vingi, hakula hata kimoja. Mama akamsomea kimyakimya, akampulizia utosini, Yaqeen akamwachia. Tukatoka mpaka nje ya lango, sisi wazee watatu na yeye, kama tunasindikiza mahujaji.

"Baba, tumbo inauma."

"Najua," akasema Khalifa. 

Basi likaja, likafungua mlango. Watoto dirishani wakatazama. Yaqeen akapiga hatua, akaweka mguu kwenye ngazi. Akasimama. Dereva akangoja. Akautoa mguu, akageuka, akaanza kurudi kwetu, na nikaona mabega ya Khalifa yanashuka, naye akajaribu kuyapandisha.

Yaqeen akafika mbele yetu. "Ingieni ndani," akasema.

"Nini, mwanangu?" Mama akauliza.

"Mnanitazama sana. Mnanitia hofu. Ingieni."

Tukaingia. Khalifa akafunga lango. Tukasimama nyuma yake, watu wazima watatu, hakuna anayethubutu kuchungulia, Mama kashika tasbihi, Khalifa kashika mkono wangu mpaka pete ikaniuma. Injini inanguruma pale pale. Kisha mlango wa basi ukalia, likaondoka, na hatukujua limeondoka na nani.

"Fungua," akasema Mama.

"Fungua wewe."

Nilifungua mimi. Njia ilikuwa nyeupe kwa jua, haina mtu.

Khalifa hakwenda kazini mpaka saa nne, anasema gari lilikuwa na tatizo. Gari halikuwa na tatizo. Rehana akapiga simu kutoka Sur baina ya mgonjwa na mgonjwa, tukamwambia amepanda, akalia, akakata, akapiga tena kuuliza alivaa sweta au hakuvaa. Mama alipika samaki wa pwani ya Ashkhara na wali wa nazi kwa watu wanne, ukatoka wa watu ishirini. Simu ya skuli haikulia.

Saa saba na kitu lango likapigwa teke. Yaqeen akaingia, shela begani, begi analiburuta, uso umekunjamana kwa hasira.

Hakuna aliyeuliza. Tulikuwa tumeahidiana. Alikaa, akavuta sahani, akala matonge matatu ya haraka, na sisi tukawa tunatazama wali kama hatujapata kuuona.

"Mwalimu aliita majina," akasema mwishowe, mdomo umejaa. "Nikaitika mara ya pili. Ya kwanza haikutoka."

"Aa," nikasema.

"Lakini kuna msichana mpya, ametoka Al Mintirib. Amekaa kiti yangu! Karibu na Hala! Na Hala hajasema kitu, anacheka naye tu."

Mama akakohoa. Khalifa akakohoa. Mimi nikajaza mdomo wali, nisije nikautoa ushauri.

"Leo nilikaa nyuma," Yaqeen akaendelea, akichagua mwiba kwenye samaki. "Nilitaka kumwambia ile kiti yangu, tumbo ikaanza, nikaacha. Nitamwambia kesho."

Alisema hivyo tu, akaendelea na mwiba wake. Khalifa akanitazama. Mama akachukua mwiko, akamwongezea Yaqeen kipande kikubwa cha samaki, kile cha karibu na kichwa, ambacho siku zote huwa changu.